Mombasa Huliwa kwa Saa

Mama wa mbaazi hakutujibu kwa mdomo. Aliinamisha sufuria upande wetu tujionee wenyewe: chini mna mistari ya mwiko, pembeni rojo la njano limeganda, na mbaazi tatu nne zimenasa karibu na ukingo. Kwenye sinia la mahamri yalibaki makombo na nzi mmoja. "Zimekwisha, mamangu," alisema hatimaye. "Ndooni kesho, mje mapema."

Saa nne kasorobo asubuhi. Kwetu Dar muda huo watu wa maofisini ndiyo kwanza wanatoka kwenda kutafuta chai na chapati mbili. Wifi akanivuta mkono, akaninong'oneza: "Kesho tuje na ndoo ya nini?"

Ilinichukua hatua kumi nzima kuacha kucheka na kumweleza kwamba "ndooni" kwa watu wa Mombasa ni "njooni", kwamba hakuna anayemtaka aje na ndoo. Hakufurahi. Alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hapendi kufundishwa lugha.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Ni Msukuma wa Mwanza, kakulia Kirumba, mama yake akiuza samaki pale mwaloni. Safari hii tuliipanga sisi wawili tu, bila waume wala watoto, kwa pesa ya kikoba tuliyokuwa tunaiweka tangu mwaka wa juzi. Kaka alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. Mawifi wawili, chumba kimoja, siku nne: akasema atakuja kupokea mmoja stendi.

Tulipanda basi Dar alfajiri, tukapita Segera na Muheza, tukavuka mpaka Horohoro mchana, na jua lilikuwa linaelekea kuchwa tulipofika Likoni. Hapo wifi akanyamaza. Kivuko cha Likoni ni cha dakika chache tu, maji unayaona huku na ng'ambo ya pili unaiona kule, na mtu wa miguu halipi hata senti. Lakini tuliposhuka kwenye basi tuingie na umati ule, maelfu ya watu na mabaiskeli na mikokoteni, mkono wake ulikuwa umeshika mkoba wangu kama wa mtoto sokoni. Mtu wa Mwanza ukimwambia panda chombo kimejaa anakumbuka Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria. Alikuwa darasa la pili, na anasema anachokumbuka ni mama yake kutofungua meza kwa muda mrefu. Mombasa nayo ina msiba wake: Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama kwenye maji haya haya ya Kilindini na watu 272 wakafa. Hilo sikumwambia siku ile. Nilimwambia siku tunaondoka, na hata hapo nilikosea wakati.

Basi tumerudi kwenye nyumba tuliyofikia, Mji wa Kale, mikono mitupu. Mlangoni alikuwa amekaa mlinzi, mtu mzima wa kikoi na kofia nyeupe, anasikiliza redio ndogo. Wifi akamwamkia, akamlalamikia habari ya mbaazi kana kwamba yeye ndiye aliyezila.

Akatutazama kwa huruma. "Mbaazi mwazitafuta saa nne? Saa nne watu wapika cha mtana."

Halafu akatupangia mji. Nimejaribu tangu siku ile kukumbuka maneno yake yote na sikumbuki, ila mpango wenyewe ninao kwa sababu wifi aliuandika nyuma ya tiketi ya basi. Mbaazi na mahamri, mwisho saa tatu asubuhi, na saa tatu yenyewe ni bahati. Biriani saa saba. Ukija saa tisa utakula masala ya chini ya sufuria. Viazi karai baada ya alasiri. Muhogo jua likizama, na uliwe kandokando ya bahari, si mahali pengine. Kahawa baada ya magharibi. Mishkaki usiku, baada ya isha. "Na Fort Jesus?" nikauliza, maana mimi ndiye niliyekuwa na orodha ya vitu vya kuona, nimeipanga kwenye simu kwa mishale na rangi. Akapunga mkono. "Ngomeni ipo tu. Imekaa miaka mia nne, haiishi kama mbaazi."

Sijapata kusikia ushauri bora wa kitalii, na nimelipia ushauri mbovu mara nyingi.

Lakini siku ile tulikuwa tumeshachelewa, kwa hiyo tulikwenda Ngomeni na njaa yetu, saa tano, wakati jua la Mombasa linapiga utosi moja kwa moja. Nasema tulikosea saa, lakini sijui kama ningeielewa ngome ile nikiwa nimeshiba.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na wanasema ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Kutoka chini huoni mtu yeyote. Unaona kuta za mawe ya matumbawe zilizoota kutoka kwenye mwamba, pana kiasi kwamba ungeweza kulaza gari juu yake, za rangi ya mkate uliochelewa kutolewa jikoni. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kabla ya kuwa makumbusho ilikuwa gereza la Waingereza, tangu 1895 mpaka 1958, na kuna pembe nyingine bado zina ule ubaridi wa mahali ambapo watu walisubiri kitu.

Tulichokaa nacho zaidi ni habari ya mazingiwa. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu hivi. Ndani walijazana Wareno, na Waswahili waliokuwa upande wao, na watumwa, na wanawake na watoto, na wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na maradhi na njaa. Mwaka 1697 ikaja manowari ya kuwaokoa, Santo António de Tanná, ikazama hapo hapo mbele ya ngome, ndani ya macho yao. Wazamiaji waliichimbua miaka ya 1970, na vitu vyake vingine vimewekwa ndani ya jumba la makumbusho. Nikamsomea wifi yote hayo chini ya kivuli cha mlango. Bahari iko pale, unaisikia. Samaki wako pale.

"Miaka karibu mitatu," wifi akasema, "na bahari iko chini ya dirisha." Akatazama saa. "Wifi, twende tukale. Hapa panatisha."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Tulitoka mbio mbele ya kikundi cha watoto wa shule waliokuwa wanaingia wawili wawili wameshikana mikono.

Biriani tuliyoikuta ilikuwa ya mbuzi, kwenye hoteli ya meza sita na feni moja inayogeuka kwa kusita. Wali umeletwa kwenye sahani peke yake, punje ndefu, nyeupe na njano na nyekundu zimechanganyika, na masala kwenye bakuli pembeni: nyama imelegea kwenye mfupa, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa karibu sukari. Kachumbari. Achari ya embe. Ndimu. Na ndizi mbivu, nzima, na ganda lake, imelazwa ukingoni mwa sahani. Wifi aliiweka kando akidhani ni ya baadaye. Mzee wa meza ya jirani akamwonyesha bila kusema: unaikata, unaila pamoja na wali, inazima pilipili.

Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331. Alilala usiku mmoja tu kisiwani, akaandika kwamba watu wa Mombasa hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani ya bara, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Pale Mogadishu, kabla hajafika huku, alikuwa amelishwa wali wa samli, na ndizi, na achari ya ndimu na ya pilipili, na embe. Nilipoikumbuka habari hiyo ndizi ilikuwa mkononi mwangu na kidole kina achari. Karibu miaka mia saba, na sahani haijabadilika sana. Sikumwambia wifi kwa sababu alikuwa anakula, na wifi akila haambiwi kitu.

Kesho yake tuliamka na adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa mbele ya mama wa mbaazi, na mbele yetu walikuwapo watu tisa: watoto wenye vibakuli vya plastiki wametumwa nyumbani, dereva wa tuktuk (bajaji kwao ni tuktuk, na ukisema bajaji wanaelewa ila wanatabasamu), na bibi mmoja wa buibui ambaye hakupanga foleni na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Niseme habari ya hamri. Moja ni hamri, mengi ni mahamri. Wifi alikuwa anasema "mahamri moja" mpaka mtoto mdogo akamsahihisha. Sisi Dar tuna maandazi, na tunajidanganya kwamba ni kitu kimoja. Hamri ya pale imekandwa kwa tui na iliki, imekatwa pembe tatu, na ikitumbukizwa kwenye mafuta inavimba mpaka tumbo lote linakuwa wazi. Ukiichana inatoa pumzi. Hapo ndani unachota mbaazi, ambazo zimechemshwa mpaka zinakaribia kupasuka halafu zikamaliziwa kwa tui zito, chumvi, kitunguu na pilipili nzima moja inayoelea kama onyo. Hazina nyama, wala hazihitaji. Mama alimimina kijiko cha ziada cha rojo juu ya sahani yetu bila kuombwa. "Za jana," alisema. Kumbe alitukumbuka.

Tulikula tumekaa barazani, miguu inaning'inia, na wifi alikula mahamri matano. Nimeahidi kutoandika idadi. Nimeandika.

Tangu hapo orodha yangu ya simu ikawa mtumwa wa orodha ya tiketi. Tukawa tunaona mji kati ya chakula na chakula, na ajabu ni kwamba kila kitu kikaenea. Asubuhi, tumbo limetulia na jua halijakomaa, ndiyo saa ya kutembea Mji wa Kale. Ndia Kuu, barabara yake kubwa, ni kama uchochoro wa Kariakoo kwa upana, na jina lake peke yake ni somo: wao husema ndia, sisi tunasema njia. Roshani za mbao zimetoka nje ya ghorofa mpaka karibu zinaamkiana na za nyumba ya ng'ambo. Milango ya kuchonga ipo, mingine imetunzwa vizuri, mingine imepigwa rangi ya mafuta ya kijani juu ya maua yote ya fundi, na nadhani hiyo ya kijani ndiyo iliyonipendeza, kwa sababu nyuma yake mna watu wanaishi. Msikiti wa Mandhry uko hapo hapo, mweupe, mnara wake umekaa kama pia iliyogeuzwa. Inasemekana ulijengwa karibu mwaka 1570, maana yake Wareno walipoanza ngome yao ulikuwa umeshasali miaka ishirini na zaidi.

Marikiti ni ya saa nne. Waingereza waliita soko lile MacKinnon Market, wenyewe wakachukua neno la pili, wakalitia irabu zake, wakaendelea na shughuli. Nje mna matunda. Ndani mna bizari, na ukiingia na mafua unatoka umepona. Muuza viungo mmoja alituonjesha achari mpaka ulimi ukafa ganzi, halafu akatuuzia mabuyu mekundu ya kupoza. Nashuku alikuwa ameyapanga mambo hayo kwa utaratibu huo.

Biashara Street iko karibu. Huko wifi alipotea saa nzima katika leso. Kwetu khanga, kwao leso, kitu ni kile kile: pindo, mji, jina. Kaderdina Hajee Essak wapo kwenye biashara hiyo tangu 1887, wale wa "Mali ya Abdulla", chapa ambayo bibi yangu Morogoro aliiamini kuliko alivyoamini benki. Wifi alijichagulia yenye jina "Wema hauozi". Mimi akanichagulia "Usisafirie nyota ya mwenzio", akainunua kabla sijasoma. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Pembe za ndovu za Moi Avenue tulizipita kwa tuktuk. Zimesimama tangu miaka ya 1950, ni za aluminiamu, zinapishana juu ya barabara kama herufi M, na kila mtu lazima apige picha, nasi tulipiga. Dakika mbili zinatosha.

Alasiri ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Jua limelegea, watoto wa madrasa wametoka, na kila kona ya Kibokoni kuna mtu anakaanga kitu. Tulisimama kwa msichana mmoja mwenye karai kubwa kuliko dirisha la chumba chetu. Viazi vilikuwa vimeshachemshwa na kumenywa, vimerundikwa kwenye beseni. Anachukua kimoja, anakizamisha kwenye uji wa unga wenye manjano, anakiinua, anaacha utone mara mbili, anakiteleza kwenye mafuta kwa ncha za vidole. Hakukirusha hata kimoja. Anafanya hivyo kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unarudisha chenji na mdomo unagombana na kaka yake aliyekwenda kununua mkaa hajarudi. Kiazi kikitoka kina ngozi ya njano, kavu. Anakipasua katikati kwa kisu, anamimina ukwaju na pilipili ndani ya jeraha, anakupa kwenye kipande cha gazeti. Tuliagiza vinne, tukarudi kuagiza vinne, na mara ya tatu alitupunguzia bei bila kutuangalia.

Kisha tuktuk mpaka Mama Ngina, pale kwenye mibuyu. Eneo limekarabatiwa mwaka 2019, kuna ngazi na viti vya zege, lakini muhogo ni ule ule: umekatwa mirefu, umekaangwa au umechomwa, umepasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu na chumvi, ukausindikize kwa dafu. Bahari hapo ni mlango wa Kilindini. Tukiwa tunatafuna, meli ya makontena ikaingia, kubwa kama mtaa, karibu mno na ufuko, haina sauti. Watu wote wakanyamaza ikipita, hata watoto. Wifi alishusha muhogo wake. "Hiyo," akasema, "ikizama, itakuwaje?" Nikamwambia ale muhogo.

Siku ya tatu tulikiuka tiketi, na tuliadhibiwa.

Mimi ndiye niliyetaka. Nilikuwa nimeona picha za hoteli moja ya ufukweni, upande wa kaskazini kuvuka daraja la Nyali, na nilitaka angalau mlo mmoja wenye kitambaa mezani. Jina silitaji. Tulifika saa kumi, saa ambayo si ya chakula chochote, tukaletewa menyu yenye picha, na kwenye picha kulikuwa na samaki wa kupaka amelala kwenye jani la mgomba. Tukaagiza wawili. Tukangoja saa moja na robo. Alichokuja nacho mhudumu kilikuwa vipande viwili vya mraba vya minofu, havina kichwa, havina mkia, vimelala kwenye mchuzi mtamu wa rangi ya chungwa, na pembeni wali uliofinyangwa kwa kikombe.

Wifi alikiinua kipande kwa uma, akakinusa, akakirudisha.

"Huyu kafa mara mbili," akasema. "Kwanza kwa mvuvi, mara ya pili kwenye friza."

Bili ilipokuja nilizidisha shilingi yao kwa ishirini kupata yetu, nikapata jibu, nikazidisha upya nikitumaini nimekosea. Na wameongeza ya huduma. Nililipa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshika simu yenye picha.

Tulirudi kimya. Mlinzi alikuwa mlangoni na redio yake. Alipoambiwa hakutucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Aliuliza tu kama tumekunywa kahawa, akatuelekeza kona ya wazee. Ilikuwa imetoka sala ya magharibi. Muuza kahawa alikaa kwenye kibao, dele la shaba juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mikono vinaogelea kwenye bakuli la maji. Barazani walikuwepo wanaume peke yao na sisi tukasita, lakini wazee wawili wakasogea, wakaacha nafasi pembeni, wakaendelea na mjadala wao wa bei ya sukari kama vile hatupo. Kahawa chungu kweli, yenye tangawizi, pamoja na kipande cha halua kilichonata kwenye karatasi. Ukichanganya hivyo viwili mdomoni unaelewa kwa nini hakuna anayeweka sukari kwenye kikombe.

Ni hapo mzee mmoja, akisikia tumetoka kula nini, alipotuelekeza kwa mwanamke anayechoma samaki mlangoni kwake, vichochoro viwili nyuma. "Mwambie awape tafi," alisema. Nikamwambia wifi tafi ndio tasi. Wifi akasema yeye tasi hamjui wala tafi hamjui, anamjua sato na sangara, ila samaki yeyote ana mashavu.

Na kweli alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, hata salamu haijaisha, akafungua shavu la samaki kwa kidole gumba. Jekundu. Akabonyeza ubavu. Akatazama macho. Yule mama alikuwa amesimama na kipepeo cha mkaa mkononi anamwangalia, na mimi nikawa natafuta maneno ya kuomba radhi. Akasema: "Huyu ajua samaki." Akatoa kigoda.

Sikuhesabu tulikaa muda gani. Samaki alichanjwa, akapakwa kitunguu saumu na tangawizi na ndimu, akawekwa juu ya mkaa. Pembeni kwenye sufuria ndogo tui lilikuwa linachemka na ukwaju na bizari na pilipili, zito mpaka linashika kijiko. Samaki akianza kukauka anapakwa tui hilo kwa brashi ya majani ya mgomba, anageuzwa, anapakwa, anageuzwa. Tui linadondoka kwenye mkaa na kutoa moshi unaonukia nazi iliyoungua kidogo, na moshi huo unarudi kupanda kwenye samaki. Wawili hao walikuwa wanazungumza kama waliosoma shule moja: bei ya samaki mwezi mchanga, nani anadanganya kwenye mizani, namna ya kumtambua aliyelala barafuni siku nne. Mimi nilikuwa nashika tochi ya simu.

Wifi alikula mpaka mifupa ikawa safi kama kitana. Nikamngojea aseme. Mtu wa Mwanza hakubali kirahisi.

"Ni mdogo," akasema. Akalamba kidole. "Lakini ana adabu."

Basi letu liliondoka alfajiri ya siku ya nne, na tulitakiwa kituoni saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja kamili tulipita kwa mama wa mbaazi na mabegi yetu, gizani, tukamkuta ameshawasha jiko. Karai limepata moto, mahamri ya kwanza yanageuka. Sufuria ya mbaazi ilikuwa inachemka. Wifi akainama, akachungulia.

"Bado, mamangu," mama akasema. "Tui halijaingia. Nusu saa tu."

Hatukuwa na nusu saa. Alitufungia mahamri sita kwenye gazeti, tukapanda basi, tukashuka tena Likoni kuvuka. Ndipo nilipomweleza habari ya Mtongwe, sijui kwa nini, pengine kwa sababu jua lilikuwa linachomoza na maji yalikuwa mazuri. Hakunijibu. Alikuwa amekumbatia gazeti lile kifuani kwa mikono miwili, lina joto bado, kwa hiyo safari hii mkoba wangu haukushikwa na mtu. Tulipofika katikati ya maji alichana hamri moja, akaitazama ndani palipo patupu.

"Wifi," akasema, "ungemwomba hata hizo zisizo na tui."